Nguvu za Akasha zilikaa ofisini

Baktash Akasha, mlanguzi wa dawa za kulevya wa Kenya, alikamatwa Mombasa Novemba 2014, lakini akafikishwa Marekani Januari 2017. Ucheleweshaji huo ndio kipimo halisi cha nguvu zake: mbele ya mahakama ya New York alikiri biashara ya heroini na kuwahonga maofisa wa Kenya ili asipelekwe huko. Mwaka 2019 akahukumiwa miaka 25. Calogero Vizzini, bwana wa mafia wa kijiji cha Villalba, Sicilia, naye aliegemea serikali; mwaka 1943 majeshi ya Washirika yalimpa umeya. Wapo wanaosema mabwana hawa huwafaa wanyonge. Msaada wao hununua ukimya. Kwetu Makurunge na pwani yote ya Bagamoyo, boti za doria hazitatosha iwapo mali za wanaopeleleza na kuamua kesi za dawa za kulevya hazikaguliwi.