Mazungumzo Kuhusu Faili Zisizopanda Kwenye Hifadhi ya Mtandaoni



Mwenye kompyuta nyumbani akiona faili zake hazipandi kwenye OneDrive, asiharakie kuzifuta. Kwanza atazame nafasi: akaunti ya bure hubeba GB 5 tu, nayo ikijaa upakiaji husita. Pili, ahakikishe programu haikusimamishwa, kwani huweza kusimamishwa kwa saa 2, 8 au 24. Tatu, faili iwe ndani ya folda ya OneDrive. Iliyo nje haipandi.

Ikumbukwe kwamba kuoanisha si kuweka akiba. Kinachofutwa nyumbani hufutika na kule, na katika akaunti ya mtu binafsi hubakia kwenye pipa la taka siku 30 pekee. Hivyo, hati muhimu ziwekewe nakala ya pili kwenye diski ya pembeni.