Hotuba ya Mgeni Rasmi Wakati wa Ufunguzi wa Chapeli ya Pamoja ya Chuo



Nimesoma kanuni za matumizi ya chapeli hii. Misa ruksa, ibada ruksa, mikesha ruksa, ndoa hapana. Naomba tulizungumze hili kabla sijakata utepe, kwa sababu linaniuma.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, awepo mfungishaji mwenye leseni na mashahidi wasiopungua wawili. Hayo yote yanawezekana hapa. Kwa Wakatoliki, Kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inalitaja kanisa la parokia kwanza, lakini Askofu au paroko anaweza kuruhusu kanisa au chapeli nyingine. Nao Mwongozo wa Ekumene wa Vatikani wa mwaka 1993 unakubali makanisa kutumia jengo moja, ukitaka Ekaristi itunzwe mahali pake pa heshima. Chumba kile cha pembeni kinatosha.

Nawaelewa wanaohofia kuchanganya taratibu. Simwombi padre afungishe ndoa Kilutheri, wala mchungaji aazime stola. Kila mmoja afuate liturujia yake, atangaze ndoa kwa waumini wake, na kitabu cha ndoa kirudi kwake. Hata ndoa mseto ina njia: ruhusa ya Askofu, na viapo mara moja tu, kwani Kanuni ya 1127 inakataza kurudia ndoa ileile katika ibada ya pili.

Ugumu halisi ni ratiba. Jumamosi ndiyo siku ya harusi kwa wengi wetu, na Wasabato wako kwenye ibada; wao wakitaka harusi Jumapili, sisi ndio tumejaa humu. Zipangeni ndoa kwa saa, daftari likae kwa katibu mmoja.

Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) waliunda pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC) kuratibu hospitali na shule zao. Tumeweza kuuguza pamoja na kufundisha pamoja. Tutashindwaje kumfungulia mlango kijana wetu ambaye kwao ni mbali, na marafiki, walimu na mchungaji wanaomfahamu wako hapahapa?

Mkuu wa Chuo, naomba kipengele kinachokataza ndoa kifutwe katika kikao kijacho cha kamati, na viongozi wa madhehebu yote wawemo.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba chapeli hii imefunguliwa rasmi.