Chombo na Shehena Yake: Habari za Eropleni Ndogo za Jeti

Leo nataka kuwaelezeni jinsi kampuni ya eropleni inavyochagua vyombo vyake. Maana kosa katika kuchagua huweza kuvunja kampuni, na kuuacha mji mzima bila njia.

Kila nahodha anayajua haya. Ukipakia shehena ya mashua katika jahazi kubwa, utasafiri nusu ya chombo ni tupu, na mabaharia wote wanataka posho. Ukiwa na mashua na shehena ni ya jahazi, mali itabaki pwani. Eropleni nazo ni vivyo hivyo.

Tutazame Marekani. Zamani watu wa miji midogo walichukuliwa kwa eropleni za pangaboi, nyingi zenye viti 19 au 30, mpaka mji mkubwa, na huko wakapanda eropleni kubwa. Mwaka 1991 ilirushwa Kanada kwa mara ya kwanza eropleni ya jeti yenye viti 50, iitwayo CRJ. Mwaka 1993 kampuni ya Comair, yenye kituo chake kikubwa Cincinnati, ikawa ya kwanza Marekani kuitumia. Abiria waliipenda kwa mwendo wake, na kampuni nyingine zikanunua mamia.

Sasa sikilizeni hesabu. Ziko mbili: gharama ya safari, na gharama ya kiti. Eropleni ya viti 50 hutaka marubani wawili. Ya viti 150 nayo hutaka wawili. Basi safari ya ile ndogo ni rahisi, lakini gharama yake hugawanywa kwa watu wachache, na kila kiti huwa ghali. Mafuta yalipokuwa rahisi, neno hili halikuonekana sana. Mwezi wa Julai 2008 pipa la mafuta lilipita dola 145, na faida ikageuka hasara. Mwaka 2012 Comair, iliyotangulia wenzake, ikafungwa.

Kampuni zikaelekea jeti za viti 70 hata 76. Mbona hazikuzidi hapo? Kwa sababu marubani wa kampuni kubwa wamewekeana mapatano na waajiri wao, kwamba kampuni ndogo zinazowasaidia zisirushe eropleni kubwa kuliko hizo, kazi yao isije ikapewa wenye mshahara mdogo. Na mji usioweza kujaza viti 70? Mingine imepunguziwa safari, mingine imekosa kabisa. Na mingine hupewa msaada wa serikali, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 1978.

Hata huku kwetu hesabu ni ile ile. Kenya Airways imetumia jeti ya Embraer yenye viti 96 kwenda nchi za jirani, na Boeing 787 yenye viti 234 kwa safari za mbali.

Basi mkisikia kwamba kampuni imenunua eropleni mpya, msiulize kwanza ukubwa wake. Ulizeni: ni watu wangapi watakaoipanda kila siku, nao watoka wapi?