Huruma Si Masalio ya Mavuno



Majira yetu mnayajua. Hapa mashariki mwa Kongo, ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, nasi tunapanda mara mbili kwa mwaka. Sitakawia hapo, maana leo nina ugomvi na kitabu.

Mwaka 1972 mwanaanthropolojia Colin Turnbull, yuleyule aliyeandika juu ya Wambuti wa msitu wa Ituri kwa mapenzi makubwa, alichapisha The Mountain People, kuhusu Waik wa kaskazini-mashariki mwa Uganda. Aliishi kwao miaka ya 1960, wakati wa ukame, akahitimisha kwamba wema wa binadamu ni anasa: njaa ikiingia, huruma inatoka. Alithubutu hata kupendekeza Waik watawanywe katika vikundi vidogo, jamii yao iishe. Mwaka 1975 mwongozaji wa tamthilia Peter Brook alikifanya kitabu hicho mchezo wa jukwaani huko Paris. Na hadi leo, kwenye mikutano yetu kuhusu wakimbizi wa vita, nasikia fikra hiyohiyo: jamaa za Lubero zinazowapokea zikiishiwa chakula, zitaishiwa na utu.

Nakataa. Kwanza, njaa ile haikuletwa na mbingu peke yake. Bonde la Kidepo, walikokuwa wakiwinda Waik, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Ukimfungia mtu ghala kisha ukapima ukarimu wake, umepima kufuli.

Pili, ushahidi wenyewe. Hapa mnivumilie, kwani makala ya Bernd Heine ya mwaka 1985 naisoma na kila darasa ninalofundisha. Heine, mtaalamu wa lugha, alikwenda mwenyewe kwa Waik, kisha akakirudia kitabu dai kwa dai. Alionyesha kwamba Turnbull hakuijua vizuri lugha yao. Kwamba baadhi ya watu aliowategemea hawakuwa Waik. Kwamba walioitwa wawindaji walikuwa hasa wakulima. Naipenda makala ile kwa sababu inatufunza kuuliza kabla ya kuhukumu: nani alikuambia, kwa lugha gani, katika majira gani?

Tatu, mwaka 2020 mtafiti Cathryn Townsend na wenzake walichapisha majaribio ya kugawana waliyofanya na Waik. Hawakuonekana wachoyo kuliko watu wengine.

Sasa kwetu. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Kanyabayonga, watu wakamiminika hadi Lubero na Butembo. Mpinzani atasema walipokewa kwa kuwa Juni maharage yanavunwa. Sawa. Je, Septemba, ghalani ikibaki mbegu tu? Septemba ile nilimkuta shangazi yangu, mlimani Lubero, akipepeta ungoni maharage ya mbegu aliyoyahifadhi na majivu yasitobolewe na wadudu. Aliyagawa mafungu mawili, lake na la mama aliyetoka Kanyabayonga, akamwonyesha mgeni upande wa shamba atakaolima.

"Shangazi, na mvua ikikataa?"

"Tutalala njaa pamoja. Shika ungo."

Sisemi njaa haivunji kitu. Nimeona ugomvi wa kuni na wa choo. Nimeona wageni wakiombwa watafute pengine. Njaa hupunguza kile ambacho mkono unaweza kutoa, na jamaa iliyoelemewa haistahili lawama. Lakini uchache wa kinachotolewa haupimi thamani ya mtu wala moyo wake. Nimezipima hoja zote hizi na bado nashikilia: huruma si masalio ya mavuno.

Basi nawaomba wanaoleta misaada: fikisheni mbegu na majembe kabla watu hawajaanza kupanda, kwa mwenyeji na kwa mgeni pia, maana wote wawili wanakula chungu kimoja. Nanyi wanafunzi wangu, kabla hamjaandika kwamba watu fulani wamekosa utu, jifunzeni lugha yao, mkae nao wakati wa njaa na wakati wa mavuno.