Kazi Ng'ambo ya Mpaka: Karatasi Kwanza, Safari Baadaye



Ndugu zetu wa vikundi vya kujisaidia, leo tuongee juu ya vijana wetu wanaovuka kwenda Tanzania kutafuta kazi. Kutafuta riziki mbali si kosa. Hata wana wa Yakobo walishuka Misri kutafuta chakula. Lakini twende tukijua.

Kikundi kimoja cha akina mama kilimkopesha mwenzao shilingi 40,000, kijana wake apate kazi ya hoteli Arusha. Broka alisema kibali kiko njiani, kijana aingie tu Namanga kama mgeni. Nasi tulikuwa kwenye mkutano huo, tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza karatasi. Mwezi wa pili maofisa wa uhamiaji walimkuta jikoni bila kibali, akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Broka akawa hashiki simu. Deni likabaki, na wadhamini watatu wakauza mbuzi.

Basi tujue mambo haya.

Kwanza, watu husema, "Si sisi ni Afrika Mashariki moja?" Ni kweli, Mkataba wa Soko la Pamoja ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Lakini haukufuta kibali cha kazi. Muhuri wa mgeni kwenye pasipoti ni wa kutembea, si wa kuajiriwa.

Pili, kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, anayeomba kibali cha kazi ni mwajiri. Yeye ndiye hupeleka maombi kwa Kamishna wa Kazi, na lazima aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania wa kazi hiyo akakosa. Kwa hivyo mwenye cheti cha ufundi ana nafasi kuliko asiye nacho.

Tatu, kibali cha kazi peke yake hakitoshi. Kuna pia kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Ni karatasi mbili, na zote zina ada. Ulizeni mapema ni nani atalipa, na iandikwe kwenye mkataba.

Nne, msidhani mtu akikosa kuajiriwa atafungua kibanda huko. Mwezi wa Julai 2025 Tanzania ilikataza wageni kufanya biashara kadhaa ndogo, kama kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na kununua mazao shambani.

Sasa, wenyeviti na waweka hazina, tunawaomba jambo moja. Mwanachama akiomba mkopo wa safari ya kazi, msimkatalie, na msimpe siku hiyo hiyo. Aweke mezani barua ya mwajiri, mkataba, na nakala za vibali viwili. Mpigieni mwajiri mwenyewe, si broka. Vikikosekana, pesa zingoje.

Yule mama bado analipa, shilingi 500 kila mwezi, na hajakosa mkutano hata mmoja. Tukimwona, tunakumbuka makofi yetu. Safari hii tuulize kwanza.