KUJITOLEA SI KULAZIMISHWA
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa mradi wa maji)



Nimeombwa niseme machache juu ya kujitolea kabla hatujaamua lile jambo la faini, kwamba asiyefika siku ya kuchimba mtaro wa bomba alipe shilingi 200. Hebu tuanze na neno lenyewe.

Mzizi wake ni "toa". Ukiurefusha unapata "tolea", yaani kutoa kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Halafu mbele kuna "ji", yaani nafsi yako mwenyewe. Kwa hiyo hapa mtoaji ni wewe, na kinachotolewa ni wewe. Sasa ondoa "le" usikie: "kujitoa". Huyo amejitoa chamani, amekwenda zake! Maneno yanakaribiana, maana ziko mbali.

Jambo hili si geni kwetu. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Fedha hakuna, lakini zamu yako itafika.

Lakini si kila kazi isiyo na mshahara ni kujitolea. Wakati wa ukoloni watu waliamriwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Huko Murang'a, mwaka wa 1947 na 1948, wananchi walikataa, na akina mama walikuwa mstari wa mbele. Je, walikuwa wavivu? Hapana. Ile "ji" haikuwamo. Huko Machakos, katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya viliachiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, na matuta yakachimbwa kwa wingi. Kazi ni ile ile, jembe ni lile lile.

Kuna neno lingine, "bure". Lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Mtu akichimba mwaka mzima asisomewe hesabu hata siku moja, maana ya kwanza hugeuka ikawa ya pili. Ndipo watu huanza kukaa nyumbani.

Basi, faini je? Mimi naona hivi. Tukiipanga sisi wenyewe hapa, ni masharti yetu, kama zamu za mwethya. Tukiletewa tu na kamati, tumerudi kwenye amri. Tena mgonjwa na mzee asitozwe. Asiyeweza kushika jembe apike uji au aandike majina. Na kamati nayo isome hesabu kila mwezi, mbele ya wote. Ikishindwa, nayo itozwe faini, si ndiyo?

Mwenyekiti, naomba kura ipigwe leo, kila mtu aamue kwa nafsi yake.