Saa 24 za Kwanza

Msikilizaji, Mswahili akiumizwa sana husema amekatwa maini. Lakini ini lenyewe likiugua, hukaa kimya. Mtu anaweza kuishi na virusi vya homa ya ini aina ya B miaka 20, hata 30, huku analima, anaendesha bodaboda, analea. Wengi hujua siku waliyokwenda kuchangia damu, damu ikakataliwa, wakaitwa pembeni. Wengine hujua macho yameshakuwa ya njano na tumbo limejaa maji, na hapo majirani wameshaanza kunong'onezana nani kamroga. Inaniuma sana hiyo. Huenda mgonjwa yule aliambukizwa siku aliyozaliwa, na mama yake hakuwa na habari.

Umri wa kuambukizwa ndio wenye uzito hapa. Mtu mzima akiingiwa na virusi hivi, mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Hawafiki 5 kati ya 100 wanaobaki navyo. Mtoto mchanga hana nguvu hiyo. Takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo, na miaka ikipita baadhi yao ini hujaa makovu, au huota saratani.

Taiwan walianza mwaka 1984 kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivi. Mwaka 1997 watafiti wao wakatoa hesabu: saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Saratani, msikilizaji, imezuiwa kwa sindano ya pajani!

Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kenya na Tanzania, kwa miaka mingi, chanjo hii imekuwa ndani ya ile sindano ya magonjwa matano, inayoanza wiki ya 6. Wiki 6 ni nyingi mno kwa mtoto aliyekutana na virusi wakati anatoka tumboni. Na mkunga yupo pale pale siku ya kwanza, sindano ya kifua kikuu mkononi na matone ya polio mezani. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024 inasema kanda ya Afrika ndiyo yenye maambukizi mapya 63 katika kila 100 duniani, ilhali ni watoto 18 tu kati ya 100 wa kanda hiyo wanaopata dozi hiyo ya kuzaliwa.

Kwa aliyekwisha kuambukizwa, ipo dawa ya tenofoviri, ile ile inayotumiwa na wenye VVU. Haivimalizi virusi, ila huvituliza na ini likapata nafuu. Mjamzito mwenye virusi vingi akiitumia miezi ya mwisho, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka sana. Lakini lazima kwanza ajulikane kuwa anavyo.

Kwa hiyo, mama unayenisikiliza na mimba yako, kliniki watakupima VVU na kaswende. Kabla hujainuka kwenye kiti, muulize muuguzi: na homa ya ini, mmenipima? Baba, kama umemsindikiza, nyoosha mkono na wewe upimwe.